Akina mama wasirudishwe siku ya chanjo



Nina dukuduku kuhusu chanjo za watoto wachanga.

Mwaka 1986 mwanangu wa tatu, akiwa na umri wa miezi minane, alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa na degedege likampanda. Hospitalini tuliambiwa ni homa ya uti wa mgongo. Alipona, tukamshukuru Mungu, lakini baada ya wiki chache tuligundua kuwa akiitwa hageuki. Leo ni fundi seremala hodari, ila hasikii. Wakati ule hapakuwa na chanjo ya kumkinga, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Sasa mambo yamebadilika. Bakteria wawili waliokuwa wakileta sehemu kubwa ya homa hiyo na kichomi kikali kwa watoto, yaani Hib na nyumokoki, wana chanjo. Hapa Tanzania kinga ya Hib iliingizwa mwaka 2009 ndani ya chanjo ya tano kwa moja, na ya nyumokoki ikafuata mwaka 2013. Zote mbili hutolewa bure mtoto afikapo wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Wapo wanaouliza kama zinasaidia kweli, maana mtoto wa jirani alichanjwa na bado akapata kichomi. Ni kweli, kwani kichomi kina visababishi vingi na chanjo hizi hazizuii vyote. Lakini tuwatazame majirani zetu wa Kilifi, ng'ambo ya mpaka. Kenya ilianza chanjo ya Hib mwaka 2001, na kufikia 2004 na 2005 ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa Kilifi walio chini ya miaka mitano ulikuwa umepungua kwa asilimia 88. Ya nyumokoki ilianza mwaka 2011, na magonjwa makali ya aina zilizomo katika chanjo hiyo yakapungua kwa asilimia 92. Hata watu wazima, ambao hawakuchanjwa, waliugua kwa uchache, kwa sababu watoto waliokingwa hawakuwa tena wakiwaambukiza.

Sasa nije kwenye dukuduku langu. Hivi karibuni mkwe wangu alimpeleka mjukuu wangu zahanati kwa chanjo ya wiki ya 14. Alitembea saa mbili. Alipofika aliambiwa kuwa watoto waliokuja ni wachache, kichupa hakiwezi kufunguliwa, arudi wiki ijayo. Ingekuwa chanjo ya surua ningeelewa, kwani ile ikishachanganywa hutupwa baada ya saa sita. Lakini chanjo ya tano kwa moja ni ya maji. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, kichupa kilichofunguliwa kikitunzwa vizuri kwenye ubaridi kinaweza kutumika hadi siku 28. Kwa nini basi mtoto arudishwe?

Mama akirudishwa mara moja huenda akaja tena. Akirudishwa mara ya pili atabaki shambani, hasa akimwona mwanawe anacheza vizuri. Hapo ndipo dozi ya tatu inapopotea, na mtoto anabaki na kinga nusunusu.

Nawaomba wahusika wawakumbushe watumishi wa zahanati utaratibu huo, na wahakikishe majokofu yanafanya kazi. Wazazi wenzangu nao wasitosheke na sindano ya kwanza. Watazame kadi, wahesabu mpaka ya tatu. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa masikio ya mwanangu tiba haikupatikana.

Babu wa Wajukuu Watano,
Tanga.