Mtutajie Siku: Barua ya Wazi kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Jiji la Nairobi

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti,
City Hall, Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: SINDANO YA MIEZI KUMI NA MINANE

Hapa Kangemi, mama anayewafulia watu nguo Lavington hulipwa kwa siku. Asubuhi akimbeba mtoto kwenda kliniki, kibarua cha siku hiyo kimekwenda. Analijua hilo na bado anakwenda. Kinachomvunja moyo ni kuambiwa, "Watoto leo ni wachache, rudi wiki ijayo." Wengi hawarudi, na lawama huwaangukia wao.

Sindano yenyewe ni ya pili ya ukambi na rubela. Ya kwanza hudungwa kwenye miezi 9, umri ambao watoto takriban 85 tu kati ya 100 hupata kinga ya ukambi. Waliobaki huwezi kuwatambua kwa macho. Ndiyo maana mwaka 2013 Kenya iliongeza dozi ya pili ya ukambi. Lakini baada ya miezi 9 kitabu cha kliniki huwekwa kabatini. Mama huamini kamaliza.

Sigombani na wauguzi. Chanjo hii huja ikiwa unga, chupa moja kwa watoto kadhaa, na ikishachanganywa haitumiki ukishapita muda wa saa sita. Muuguzi akiifungua kwa mtoto mmoja, dozi zinazobaki zinamwagwa na yeye ndiye wa kujieleza. Shirika la Afya Duniani hushauri ifunguliwe hata kwa mmoja, kwa kuwa mtoto aliyekosa ni hasara kubwa kuliko dozi iliyomwagwa. Waambieni wauguzi hivyo kwa maandishi, waache kuogopa. Ikiwa hamwezi, basi siku za chanjo ya ukambi zibandikwe langoni mwa kliniki za Kangemi, Riruta na Westlands, na Jumamosi moja ya mwezi iwemo. Wapo pia wanaoshinda mjini, wanaofagia ofisi na kuchuuza Barabara ya Tom Mboya, ambao wangewachanjisha watoto huko huko kama wangejua wapi na lini.

Chanjo ya korona ilipotolewa mwaka 2021, simu zetu zilipokea ujumbe wa kutukumbusha dozi ya pili. Ukambi umekosa nini?

Siku nyingine tusiyotajiwa ni ya homa. Kirusi cha chanjo kilichodhoofishwa huchukua muda kuzaana mwilini, kwa hiyo mtoto huweza kuchemka kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 12, pengine na vipele vichache. Wakati huo mama kaisahau sindano. Anakimbilia duka la dawa, anauziwa antibayotiki au hata dawa ya malaria, Nairobi hii ambako malaria ni nadra! Angetosheka na parasitamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto, nguo nyepesi na kunyonyesha zaidi. Akiona degedege, au homa isiyoshuka, ndipo hospitali.

Na kabla ya sindano mama aulizwe: mtoto aliongezewa damu karibuni? Anatibiwa saratani? Mafua madogo si kizuizi, ingawa kina mama wengi hubaki nyumbani kwa sababu hiyo.

Muuguzi huandika tarehe ya sindano kitabuni kwa kalamu yake. Naomba mumwagize aongeze mstari mmoja chini yake: tarehe ambazo homa ikija, huenda ni ya chanjo.

Wako,
Mkazi wa Kangemi