Bendera haikuruhusiwa kwenye jeneza
Na Rehema Kombo

Msiba ukitokea ugenini, daftari la mchango hufunguliwa kabla turubai halijasimamishwa uani. Jirani anaandika jina lake na kiasi, wa ofisini anatuma chake kwa simu, mpaka nauli ya maiti inatimia. Utaratibu huo tunaujua sote. Ila sikuwahi kudhani kuwa rubani aliyekufa ndani ya ndege ya jeshi, nchi yake ikiwa vitani, na nchi yenyewe ikiwa Marekani, angerudishwa kwao kwa mchango wa namna hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa marubani wanawake walioitwa WASP. Katika Vita vya Pili vya Dunia zaidi ya 25,000 waliomba kujiunga; 1,074 walihitimu, wengi wao katika uwanja wa Avenger, mjini Sweetwater, Texas. Walitoa ndege mpya viwandani na kuzifikisha vituoni. Walijaribu zilizotoka matengenezo. Na ipo kazi moja ambayo kila nikiifikiria mwili unanisisimka: rubani anapaa huku ndege yake ikivuta kitambaa kirefu kwa waya, na chini vijana wanaojifunza mizinga wanakifyatulia kitambaa hicho risasi za moto. Baadhi ya ndege zilitua zikiwa na matundu mkiani.

Mabel Rawlinson aliacha kazi ya maktaba katika mji wa Kalamazoo, Michigan, akaenda kuifanya kazi hiyo kambi ya Camp Davis, North Carolina. Usiku wa tarehe 23 Agosti 1943 alikuwa mazoezini na ndege aina ya A-24, mkufunzi wake akiwa kiti cha nyuma. Ndege ilianguka ikashika moto. Mkufunzi alirushwa nje akaokoka. Mabel alibaki kiti cha mbele, kwa sababu kitasa cha kifuniko cha chumba cha rubani kilikuwa kibovu, hakikufunguka kwa ndani. Wenzake waliokuwa kambini walimsikia akilia. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Wanawake 38 walikufa katika utumishi huo. Kwa mujibu wa karatasi za serikali wote walikuwa raia, kwa hiyo jeshi halikugharamia maziko, familia hazikulipwa kiinua mgongo cha askari, na bendera ya taifa haikuruhusiwa juu ya jeneza. Wenzao walichangishana, na mara nyingine rubani mmoja alipanda treni kuusindikiza mwili hadi kwa wazazi.

Naambiwa sheria ilikuwa hivyo. Sheria hutungwa na watu, na watu hao walipewa nafasi ya kuirekebisha. Juni 1944 muswada wa kuwafanya askari kamili ulifika Bungeni ukaangushwa. Marubani wanaume wa kiraia, wengi wao wakufunzi waliohofia kupelekwa jeshi la nchi kavu, waliupinga kwa nguvu zote. Tarehe 20 Desemba 1944 kikosi kikavunjwa, vita havijaisha, na wengi walijilipia nauli kurudi makwao.

Walitambuliwa kuwa maveterani mwaka 1977, miaka 33 baadaye, na medali ya dhahabu ya Bunge wakapewa 2010. Mtu angedhani hapo mambo yamekwisha. Elaine Harmon, aliyekuwa mmoja wao, alifariki Aprili 2015 akiwa na miaka 95, ameacha barua ya kuomba azikwe makaburi ya kitaifa ya Arlington. Jeshi likasema majivu ya WASP hayana tena nafasi pale. Majivu ya bibi yule yakakaa kabatini nyumbani kwa binti yake. Mjukuu wake akatafuta sahihi, akapata zaidi ya 170,000, mpaka sheria ikabadilishwa Mei 2016.

Harmon alizikwa Arlington tarehe 7 Septemba 2016, kwa heshima za kijeshi. Mimi nasema alistahili heshima hizo tangu siku ya kwanza alipoipaisha ndege ya jeshi, na Mabel Rawlinson alizistahili Agosti ile ile ya 1943, familia ikipokea jeneza.