Karakana ya Uani Isidharauliwe

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtazama fundi mmoja anayetengeneza mashine za bustani uani kwake, hapa Buxton. Watu wa mahoteli humletea matrekta madogo ya kukatia nyasi, yale ambayo dereva hukaa juu yake. Na wakulima wa bara humletea pawatila, trekta la magurudumu mawili ambalo Watanzania walilizoea zaidi tangu Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009.

Fundi alikuwa ameiinamia injini. Akanyoosha mkono nyuma bila ya kugeuka, akasema: "Tupa!" Mwanagenzi wake, kijana mwenye stashahada ya umekanika, akaitupa chini nati aliyoishika. Tuliitafuta mchangani robo saa nzima.

Tulicheka sote, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moyoni. Kijana yule si mjinga. Chombo hicho cha kusugulia chuma anakijua barabara, na lau angaliulizwa kwa Kiingereza angalikieleza hata meno yake. Hajui tu kwamba Mswahili hukiita tupa. Kadhalika hakujua kwamba kile kibanio kikubwa kilichofungwa mezani ni jiriwa, wala kwamba keekee ni ya kutobolea. Kabureta, plagi na gasketi hazikumtatiza, kwa kuwa ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. (Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Parafujo tulilitwaa kwa Wareno, na karakana asili yake ni Uajemi. Leo nani atayaita mageni?)

Mwendo mfupi tu kutoka hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kilianza kama MIOME, chuo cha elimu ya Waislamu, na kikapewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2013. Chuo na uani kwa fundi ni majirani, ila hawasemezani. Mmoja ana vitabu asivyoweza fundi kuvisoma, mwingine ana msamiati ambao hakuna anayeuandika. Nasi walimu wa Kiswahili tunawakaririsha wanafunzi majina ya vikembe vya wanyama, huku majina ya vyombo vya kazi yakitoweka pamoja na wazee wenye kuyatumia. Tangu mwaka 2023 watoto wa Gredi ya 7 wanasoma somo la utangulizi wa ufundi, nalo pia hufundishwa kwa Kiingereza.

Na fundi huyo hufundisha, tena vizuri. Nilimsikia akimweleza kijana kwamba mashine haiombi ila vitu vitatu: cheche, mafuta na hewa, na kwamba vichunguzwe kwa utaratibu huo kabla ya kufungua chochote. Ikiwa imelala miezi mingi, mshuku kabureta, kwa sababu petroli iliyokaa humo huharibika na kuacha ulimbo unaoziba kitundu chembamba. Kwa mashine zilizotumika karibu na bahari, tazama kwanza vichwa vya betri, maana hewa yetu ya chumvi huvila. Na kabla ya kugusa kisu cha ile ndogo ya kusukuma, ng'oa waya wa plagi: kisu kimeshikana na injini, ukikizungusha kwa mkono yaweza kuwaka, vidole vikapotea.

Majirani wamelalamika, na mwenye nyumba amempa notisi hadi mwisho wa mwezi. Siwezi kusema majirani hawana haki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukakutana na jiko la mtu. Moshi wa injini chumbani una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Lakini haya yana dawa: petroli iwekwe nje, ndani ya debe lenye kifuniko, injini iwashwe uwanjani mchana tu, na oili chafu ikusanywe, isimwagwe mtaroni. Kumfukuza fundi ndiyo njia nyepesi, na nadhani ndiyo mbaya kuliko zote.

Maana aende wapi? Nyumba za zamani za mtaa wa Buxton zilibomolewa kuanzia mwaka 2021 ili yajengwe maghorofa. Sikatai, watu wanahitaji pa kulala. Lakini katika ghorofa ya tano hakuna ua, na michoro ya nyumba zetu haimkumbuki mtu ambaye kazi yake i nyumbani. Serikali ya Kaunti ingeweza kuagiza kwamba kila mradi wa namna hiyo uwe na safu ya vibanda vya mafundi, kama inavyoagizwa sehemu ya kuegesha magari.

Nilipokuwa nikiaga nilimuuliza fundi kama ameshaanza kufunga vyombo vyake. Akanionyesha ile jiriwa. Meza yake ameisimika kwa zege, miguu yote minne. "Hii, Mwalimu," akaniambia, "nitaibeba vipi?"