EP ni maji gani?

Jioni tatu kwa juma, nikitoka masomoni, ninafanya kazi katika ofisi moja ya kuchora ramani za nyumba hapa Kindu. Sikusomea ujenzi. Nilijifunza AutoCAD kwa kukaa kando ya mwenye ofisi na kutazama mikono yake, naye alinichukua kwa sababu ninaandika haraka na Kifaransa changu hakina makosa mengi. Kwa wasioijua programu hii: ni kama kuchora juu ya karatasi nyingi zinazopenya mwanga, zilizolaliana. Kuta ziko kwenye moja, milango kwenye nyingine, mabomba kwenye ya tatu. Ofisini karatasi hizo tunaziita kalke, na kabla ya kuchapa unaweza kuiwasha moja na kuizima nyingine. Kitu kinachorudiwa, kama mlango, dirisha au choo, huchorwa mara moja tu kikawa bloku. Bloku hiyo unaipandikiza mara mia ukitaka, na ukisahihisha ile ya asili, zote mia zinageuka pamoja nayo.

Mwaka jana nilipewa ramani ya kituo kidogo cha afya kilichokuwa kinajengwa Alunguli, ng'ambo ya mto. Ilikuwa imeanzwa na mchoraji mwingine ambaye alikwisha kuondoka. Ndani yake mlikuwa na kalke iitwayo EP. Katika faili niliyojifunzia, EP ilikuwa *eaux pluviales*, maji ya mvua. Nikaombwa karatasi ya sakafu isiyo na mifereji ya paa; nikaizima EP, nikachapa, karatasi ikavuka mto. Kumbe mwenzangu yule EP yake ilikuwa *eau potable*, maji ya kunywa. Bomba la maji likatoweka kwenye karatasi, na vibarua wakamwaga sakafu bila kuliacha nafasi. Siku chache baadaye walikuwa wakivunja simenti kwa nyundo na patasi. Watatu walifanya kazi siku mbili bila malipo: kapita alisema kosa si lake, ofisi ikasema si lake. Nilitoa nusu ya nilichopata mwezi ule. Haikutosha.

Niliambiwa niwe makini zaidi siku nyingine. Nakubali, lakini umakini haufuti homonimu. Kifupisho kimoja kilikuwa na maana mbili kati ya watu wawili ambao hawakuwahi kukutana, na wa tatu akakisoma kwa maana aliyoizoea. Ningepewa mfano huo katika mtihani wa semantiki, ningeujibu bila shida. Sikuutambua kwa sababu haukuja darasani. Ulikuja kwenye dirisha dogo la majina ya kalke, mahali ambapo hakuna aliyefikiri kwamba kuna lugha.

Msimamo wangu ni huu: kupanga majina ya kalke na bloku ni kazi ya watu wa lugha, na fakulte yetu inapaswa kuiingia.

Sizungumzii kutafsiri programu. Menyu hutoka kiwandani zikiwa zimekwisha kuandikwa, na sisi tunatumia zile za Kifaransa. Hata neno kalke wala halinisumbui. Linanichekesha, kwa kuwa ndilo hilohilo *calque* tunalofundishwa katika leksikolojia kwa maana ya tafsiri mkopo; yote mawili yametoka kwenye karatasi ya kunakilia, na nyuma yake kuna kitenzi cha Kiitalia cha kukandamiza. Acha liitwe kalke. Kapita naye ni Mreno wa zamani, na hakuna anayemwomba pasipoti. Ninachozungumzia ni nafasi iliyo tupu. Programu inakupa menyu, lakini jina la kalke inakuachia wewe ulitunge. Hapo ndipo tumeandika EP, “Calque1”, “xx”, “mpya” na “mpya2”.

Wengine duniani walikwisha kuona hatari hii. Mwaka 1998 shirika la ISO lilitoa kanuni yake ya 13567 kuhusu kupanga majina ya kalke. Wamarekani wana mpango wao, ambamo herufi ya kwanza hutaja fani: A ni usanifu, P ni mabomba, E ni umeme. Sasa tazama kinachotokea kwetu. Mchoraji wa Kindu anavuta bloku ya taa kutoka intaneti. Bloku haiji peke yake. Kama mgeni, inakuja na mizigo yake, yaani kalke zake na majina yake. Faili ikawa na E ya umeme ya Kimarekani karibu na EP na EU, ambazo ni maji ya Kifaransa. Ukijaribu kusafisha faili, programu inakataa kuiondoa kalke ile, kwa kuwa bloku bado inaitumia. Nimefungua ramani ya nyumba ya vyumba vitatu nikakuta majina ya kalke ya lugha nne, na Kiswahili hakikuwamo.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anapokuwa nyumbani. Kila faili mpya huzaliwa na kalke moja, jina lake 0. Huwezi kuifuta wala kuibadilisha jina. Wanaoanza ama huiogopa, ama huchora kila kitu humo. Mimi niliielewa siku nilipokumbuka upatanisho wa kisarufi. Kitu kilichopewa rangi ya “DuCalque” hakina rangi yake chenyewe: huchukua ya kalke kilimo, kama kivumishi kinavyochukua kiambishi cha ngeli. Na bloku iliyochorwa hivyo juu ya kalke 0 ni mzizi mtupu, ni -refu. Ipandikize kwenye kalke ya milango, itavaa umilango. Ipandikize kwenye kalke ya viti na meza, itavaa ya huko: mrefu, kirefu, ndefu. Lakini bloku iliyochorwa juu ya kalke yenye jina lake hubaki na tabia za kalke ile popote iendapo, kama safi na rahisi, maneno yasiyojali ngeli: mtu safi, kisu safi, nyumba safi.

Nimewaeleza hivyo wenzangu wawili wa ofisini, nao walielewa jioni ileile. Hawakusoma isimu, ila wanasema lugha ya Kibantu tangu utotoni. Najua mtu atasema kwamba sisi wa Kindu husema *kitabu yangu* barazani na dunia haianguki. Ni kweli, na silioni kuwa kosa: barazani msikilizaji yupo mbele yako, asipoelewa atauliza. Faili haiulizwi. Aliyeitengeneza ameshaondoka.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba ramani zinakwenda kwa wafadhili na kwa idara za serikali, na wote husoma Kifaransa. Sawa. Dirisha la kalke lina safu ya maelezo kando ya jina, na katika kila ramani niliyofungua nimeikuta tupu. Jina la Kifaransa libaki, Kiswahili kikae kando yake. Au kinyume chake, kwa sababu programu ina pia chombo cha kubadilisha majina ya kalke kwa mkupuo kufuata orodha moja. Lakini kibarua anayeshika karatasi kule Alunguli haendi kwa mfadhili kuuliza EP ni nini. Orodha ya alama pembeni mwa ramani imwambie kwa lugha anayofanyia kazi.

Ya pili inatoka humu ndani ya fakulte: kwamba hii si isimu. Tunaandika kazi za kumaliza masomo juu ya methali za Kirega na majina ya watu ya Kibangubangu, nami nazisoma kwa furaha. Lakini Kiswahili kilipanda mpaka Nyangwe na Kasongo midomoni mwa watu waliokuwa kazini, wabebaji na wafanyabiashara. Istilahi za watu wa kazi zinatuhusu tangu mwanzo.

Ila tusikae darasani kuzitunga. Baada ya mkasa wa sakafu nilivuka mto kumwona kapita yuleyule, kwanza kumwomba radhi, kisha kumuuliza maji ni mangapi. Alijibu bila kufikiri: ya kunywa, ya mvua, ya kuoga, ya choo. Ya kuoga na ya choo hayapiti bomba moja, akaongeza, akinitazama kama mtoto. Huo ndio mgawanyo wa wahandisi wa Kifaransa, *eaux usées* na *eaux vannes*, neno kwa neno. Tukaandika: MJ-KUNYWA, MJ-MVUA, MJ-KUOGA, MJ-CHOO. Kiambishi MJ kinayaweka maji yote pamoja katika orodha, na hakuna wawili wanaoweza kuyachanganya.

Daftari hilo lina majina kumi na tisa sasa. Ninaomba kozi yetu ya istilahi ichukue mafundi kama walimu kwa muhula mmoja, seremala, mwashi, fundi bomba, na kila mwanafunzi arudi na orodha iliyojaribiwa kwenye ramani halisi. Ofisi za uchoraji mjini si nyingi. Orodha moja inaweza kuzifikia zote.

Jina la kumi na tisa lilikuwa la ile mistari ya katikati ya kuta, ambayo haijengwi lakini kila kipimo huanzia kwayo. Nilikuwa nimekwenda na neno la kamusi, mhimili. Kapita akauliza mhimili ni nini. Nikamweleza kirefu, huku nikimchorea mchangani. “Hiyo ni kamba,” akasema, akanionyesha uzi uliofungwa kati ya vigingi viwili nyuma yangu. Nikaandika KAMBA.