SINDANO YA KLINIKI NA UZUSHI WA KUKATA VIZAZI



Ni miaka kadhaa sasa tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, lakini hapa Bariadi hawajaisha wanaomzuia mama mjamzito asichome sindano ya kliniki kwa madai kwamba imeundwa kukata kizazi. Msemaji hujihesabu kuwa mtetezi wa Umma. Basi na aulizwe: habari hii umeipokea kwa nani? Kwa watu wenye elimu ya isnadi, ni aibu kusambaza neno lisilo na mwenyewe.

Tumsaidie kuitafuta isnadi yake. Desemba 2020 Wolfgang Wodarg, daktari wa Ujerumani, na Michael Yeadon, aliyewahi kuwa mtafiti wa kampuni ya Pfizer, waliiomba mamlaka ya dawa ya Ulaya isimamishe majaribio ya chanjo za korona. Miongoni mwa hofu zao ni kwamba kinga ya mwili, ikifunzwa kuipiga protini ya kirusi hicho, huenda ikaipiga pia protini ya kondo la nyuma iitwayo sinsitini. Wao walisema "huenda". Ilipofika kwetu, "huenda" ilikuwa imekwisha kudondoka njiani.

Sinsitini si jambo dogo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani na wa Ufaransa walibaini kwamba jeni inayoiunda ni mabaki ya kirusi cha kale, na mabaki ya namna hiyo ni kiasi cha asilimia 8 ya maandishi yote ya urithi wa mwanadamu. (Wanakadiria kiliingia miaka zaidi ya milioni 20 iliyopita, anayetaka kubishana juu ya hesabu hiyo ana mjadala mwingine, si huu.) Kirusi hutumia protini ya aina hiyo kujiunganisha na seli inayoivamia. Katika kondo la nyuma kazi yake ni kuziunganisha seli ziwe utando mmoja usio na mshono, kati ya damu ya mama na mtoto. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa waliondoa jeni ya kazi hiyo kwa panya, na vijusi vyao vikafia tumboni.

Kwa hiyo swali lilistahili kuulizwa, na lilijibiwa. Protini hizo mbili hufanana kwa vipande vichache mno, na kinga ya chanjo haikuonekana kuishika sinsitini. Wanawake waliochanjwa katika majaribio walishika mimba. Tena, lau hofu ile ingekuwa kweli, ugonjwa wenyewe ungekata vizazi vya dunia nzima, kwani nao huzalisha kinga ile ile.

Uzushi huu una kaka yake. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai chanjo ya pepopunda imetiwa homoni ya hCG, ambayo hutengenezwa na utando huo huo. Ni kweli kwamba India walifanyia utafiti chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha homoni hiyo na sumu ya pepopunda iliyodhoofishwa. Hapo ndipo madai yalipopata mguu wa kusimamia. Lakini hiyo ni dawa nyingine kabisa.

Mfugaji wa Itilima au Meatu hahitaji maabara kulielewa hili. Anajua kwamba ndama asiyenyonya dang'a huwa dhaifu, na wengi hufa, kwa kuwa kondo la ng'ombe halipitishi kinga ya mama kwa ndama aliye tumboni. La mwanadamu hupitisha. Kinga ya pepopunda anayoipata mama kwa sindano huvuka utando ule uliojengwa na sinsitini, ikamfikia mtoto kabla hajazaliwa, naye hukatwa kitovu akiwa nayo. Anayemrudisha mama njiani asifike kliniki amemnyima mtoto kinga hiyo, ilhali ndama wake zizini amehakikisha amenyonya dang'a.