Kilomita Zilizorudishwa Nyuma: Hukumu ya Gari la Mtumba Linalonunuliwa Mara

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, siku hizi zipo familia za Unguja na Pemba zinazonunua gari ambalo hazijaliona. Kijana yuko bara kwa kazi, anatuma picha ya gari na picha ya dashibodi. Wazee wanachanga, fedha zinakwenda kwa simu. Baadaye karatasi zinasema kilomita nyingine na dashibodi inasema nyingine. Je, biashara hiyo inasihi? Na mnunuzi ana haki gani?

Tuchukue mfano wa mkoa wa Mara, wilaya za Tarime na Serengeti. Tarime ina mpaka wa Sirari unaotazamana na Kenya, na ina mgodi wa dhahabu wa North Mara kule Nyamongo. Serengeti, ambayo makao yake ni Mugumu, imepakana na hifadhi ya taifa. Gari la huko mara nyingi ni gari la kazi: Probox ya abiria, au Land Cruiser ya kupeleka watalii hifadhini. Barabara ya Musoma hadi Sirari ni ya lami, lakini ukiiacha utakutana na changarawe, vumbi na mashimo.

Hapa ndipo sisi watu wa visiwani tunapokosea hesabu. Unguja yote kwa urefu ni kama kilomita 85 tu, na gari la nyumbani linakwenda skuli, sokoni na msikitini. Gari la abiria likitembea kilomita 200 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, linafikisha kilomita 60,000 kwa mwaka. Kwa hiyo gari lililofanya kazi miaka minne huko, likasoma kilomita 80,000, lina jambo la kuulizwa.

Kurudisha kilomita nyuma si kazi ngumu. Fundi mwenye kifaa cha kuchomeka kwenye gari hubadilisha tarakimu kwa dakika chache. Lakini tusiwahi kumtuhumu mtu, kwani dhana nyingine ni dhambi. Huenda dashibodi iliharibika ikawekwa nyingine, au gari limetoka Uingereza na linasoma maili. Maili 100,000 ni takriban kilomita 161,000. Kasoro ya hesabu ni sababu ya kuuliza, si hukumu ya wizi.

Ama aliyefanya makusudi, hukumu yake iko wazi. Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha kumkama mnyama ili kiwele kijae maziwa siku ya kuuzwa, na akampa mnunuzi hiari ya kumbakisha au kumrudisha. Wanazuoni wetu wa Kishafii hawakuishia kwa mnyama. Imam Nawawi katika Minhaj ameingiza pia mtu anayezuia maji ya kinu, kisha akayaachia wakati wa kuuza ili kinu kionekane kina nguvu. Huyo naye amempa mnunuzi hiari ya kurudisha. Dashibodi iliyochezewa haina tofauti na kiwele kile: sura ya siku ya kuuza si hali halisi ya kitu.

Kwa hiyo mauzo yenyewe yanasihi, lakini muuzaji amefanya haramu, na mnunuzi ana hiari. Wala neno la madalali, "nauza kama ulivyoliona", halimwokoi. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, sharti la kujivua na aibu humfaa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, basi. Gari si mnyama, na aliyerudisha kilomita anajua alichofanya.

Sharti kubwa ni kutokuchelewa. Ukishajua, acha kulitumia gari, mjulishe muuzaji hapo hapo, na uweke mashahidi. Muuzaji akiwa Tarime na wewe uko Wete, ujumbe wa simu uliohifadhiwa unasaidia. Ukiendelea kulipakia abiria mwezi mzima, kisha ukadai kurudisha, umejivunjia haki yako. Na gari likipata aibu mpya mkononi mwako, hutaweza kumlazimisha alipokee, bali utadai tofauti ya thamani iliyoletwa na aibu ya zamani.

Bora zaidi ni kujikinga kabla ya kulipa. Kwa gari lililotoka Japani, omba cheti cha kusafirishwa nje. Huko gari binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya mwanzo, kisha kila miaka miwili, na kilomita huandikwa. Linganisha na dashibodi. Tazama usukani, pedali na kiti cha dereva, kwani plastiki haijui kusema uongo. Mpeleke fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Na andikeni mkataba wenye idadi ya kilomita na neno la muuzaji kuwa ni za kweli. Kuandikiana ni amri ya Qur'ani katika deni, na katika mauzo makubwa ni hekima. Mahakama ya Kadhi haisikilizi kesi za mauzo ya gari, hivyo mkataba huo ndio utakaokufaa mahakama ya kawaida.

Neno la mwisho ni kwa madalali na kwa vijana wetu wanaotafutia familia magari. Sahaba Wathila bin al-Asqa' (r.a.) alimwona mtu amenunua ngamia, akamuuliza: wamtaka kwa nyama au kwa safari? Aliposema ni kwa safari ya Hijja, akamwambia kuwa ngamia ana tundu kwenye ukwato. Wathila hakuona kuwa bei ya watu haimhusu. Anayejua aibu na akanyamaza ana sehemu katika dhambi hiyo, hata kama kamisheni yake ni ndogo. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa.

Gari la mtumba si aibu, wala kilomita nyingi si aibu. Mwenye gari la kilomita 250,000 aliyesema kweli atapata bei ndogo na riziki safi.

Allah atujaalie tuwe wakweli katika biashara zetu. Wallahu a'lam.