Steringi hafi, lakini mtoto ana maswali

WAZAZI wengi wa Singida waliozaliwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wana jina moja la filamu wasilolisahau: Django. Wengine watamtaja Trinity. Wapo wasiokumbuka jina lolote, ila wanakumbuka kofia pana, farasi, vumbi na mtu anayechomoa bastola kabla mwenzake hajagusa yake. Ziliitwa picha za kikauboi, na sasa zimerudi kwa mlango mwingine. Zinapatikana kwenye simu, na baba wa miaka 50 anaweza kuzitazama akisubiri zamu yake kwenye mashine ya kukamua alizeti.

Hilo si baya. Shida huanza jioni, baba anapomwita mtoto wa darasa la sita ili amwonyeshe kitu kizuri cha enzi zake. Baada ya dakika tano mtoto anauliza kama anaweza kurudi kwenye katuni. Baba anakasirika. Anasema watoto wa siku hizi hawajui kizuri ni kipi. Mtoto anaondoka akiwa amejifunza jambo moja tu: cha baba ni kizuri, chake ni takataka. Kesho akiitwa tena, atasema ana kazi ya shule.

Kumbukumbu tamu ikigeuzwa fimbo, mtoto huikimbia. Kabla ya kumlaumu, inafaa mzazi akumbuke sawasawa mambo yalivyokuwa.

Rangi ilichelewa kufika

Nchini Marekani, tamthilia ya kikauboi ya Bonanza ilianza kuonyeshwa Septemba 1959, na tangu siku ya kwanza ilikuwa ya rangi. Ilirushwa na kituo cha NBC, kilichokuwa mali ya kampuni ya RCA, ambayo nayo ilikuwa ikitengeneza televisheni za rangi. Milima ya kijani na anga la bluu vilisaidia kuuza seti madukani. Gunsmoke, tamthilia nyingine kubwa ya kikauboi, ilianza mwaka 1955 kwa nyeusi na nyeupe, ikaingia rangi mwaka 1966 na kumalizika mwaka 1975.

Zanzibar nayo ilianza televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilianza moja kwa moja na rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilisubiri. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi yenye mahitaji mengine mengi, na kazi ya kuelimisha na kuburudisha ikabaki kwa redio. Vituo vya kwanza vya Bara, ITV kikiwa kimojawapo, vilianza mwaka 1994 jijini Dar es Salaam. Kwa miaka 20 hivi nchi moja iliishi maisha mawili: ng'ambo ya bahari kuna televisheni ya rangi, huku Bara hakuna hata kituo kimoja.

Kwa hiyo mtoto wa Kiomboi, Manyoni au Singida mjini hakumjua kauboi kupitia kituo cha televisheni. Alimjua kupitia deki na mkanda. Mtu mmoja mwenye jenereta, deki na tivii ya chogo aligeuza chumba kuwa banda la video. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi, watoto wakakaa chini. Mkanda ulikuwa umenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba anga lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nyumbani, kwa familia chache zilizokuwa na televisheni, mara nyingi ilikuwa ndogo, ya nyeusi na nyeupe, inayotumia betri ya gari. Betri ikiisha chaji katikati ya filamu, kila mtu alimalizia hadithi kwa mdomo.

Ng'ombe hawaonekani

Kuna jambo ambalo mtoto wa Singida aliweza kuligundua kuliko mtoto wa mji mkubwa. Kauboi ni mchunga ng'ombe, na wengi wa watoto wale walikuwa wachungaji kweli. Walijua kutoa kupe, kupeleka mifugo joshoni na kutafuta malisho mwezi wa kumi, ardhi ikiwa imekauka. Lakini katika picha hizi za wachunga ng'ombe, ng'ombe walikuwa hawaonekani. Hakuna aliyekamua wala aliyetafuta ndama aliyepotea. Watu walishinda kilabuni na kupigana risasi.

Na wengi wa makauboi hao hawakuwa hata Wamarekani. Django ya mwaka 1966 iliongozwa na Mwitaliano Sergio Corbucci, na steringi wake, Franco Nero, ni Mwitaliano. Terence Hill aliyecheza kama Trinity alizaliwa Venice, na jina lake la kuzaliwa ni Mario Girotti. Filamu nyingi za aina hiyo zilirekodiwa Hispania, kwenye maeneo makavu yanayofanana na Marekani ya kwenye hadithi.

Wachunga ng'ombe wa kweli walikuwa watu wengine. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika Marekani mwaka 1865, maelfu ya ng'ombe walisagwa kwa miguu kutoka Texas hadi kwenye reli huko Kansas. Wanahistoria hukadiria kwamba hadi mmoja kati ya wachungaji wanne alikuwa mtu mweusi. Wengine wengi walikuwa na asili ya Mexico, na kwao ndiko ulikotoka ufundi mwingi wa kamba na tandiko. Nat Love alizaliwa mtumwa Tennessee mwaka 1854, akawa mchunga ng'ombe, na mwaka 1907 akachapisha kitabu cha maisha yake. Bass Reeves, naye aliyezaliwa mtumwa, alikuwa askari wa serikali kuu kwa zaidi ya miaka 30, akikamata wahalifu katika eneo lililotengewa wenyeji asilia, ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Oklahoma.

Watu hao hawakuonekana bandani. Wenyeji asilia, waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu, walionekana kama adui wa kuanguka kutoka kwenye farasi, ingawa ardhi ile ilikuwa yao kabla ya kunyang'anywa. Watoto weusi wa Singida walimshangilia mzungu aliyewafyatulia risasi, na hakukuwa na wa kuwaambia kwamba hadithi ina upande wa pili.

Sauti pembeni ya kioo

Hata hivyo, banda lilikuwa na kitu ambacho simu haina: mtafsiri. Filamu ilizungumza Kiingereza, na wengi waliokaa bandani hawakukielewa. Kwa hiyo alikuwepo mtu wa kueleza kwa Kiswahili. Aliwapa wahusika majina ya mtaani, akatia utani na kusema nani ni adui kabla adui hajajitambulisha. Baadaye sauti za watafsiri zilianza kurekodiwa juu ya filamu zenyewe, na jina la Lufufu likajulikana nchi nzima kwa kazi hiyo.

Mtoto aliyeshindwa kuelewa aliuliza, na mkubwa aliyekaa karibu alijibu, hata kama jibu lilikuwa la uongo kidogo. Kesho yake hadithi ilirudiwa njiani kwenda shule, kisimani na machungani. Baba anaposema filamu za zamani zilikuwa nzuri, mara nyingi anachokikumbuka ni kule kucheka pamoja.

Lakini asimfiche mtoto upande mwingine. Wapo walioiba chenji ya sukari ili walipe kiingilio. Wapo waliotoroka shule. Usiku zilionyeshwa filamu zisizofaa watoto, na watoto walikuwemo. "Steringi hafi" ulikuwa msemo wa kila mvulana, na wapo walioruka kutoka juu ya miti au kulengana kwa manati wakiamini hivyo. Wazazi wao waliwachapa na kusema video inaharibu kizazi. Maneno hayo leo anayasema yule yule aliyechapwa, ila sasa anailaumu simu.

Tena kumbukumbu hii mara nyingi ni ya baba. Wasichana wengi hawakuruhusiwa kwenda bandani, na saa ambazo kaka zao walikuwa na Django wao walikuwa wanateka maji au wanasonga ugali. Mama anaweza kuwa na kumbukumbu tofauti kabisa, ya redio ya betri na kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania. Mtoto anastahili kuzisikia zote mbili, na pia kusikia kwa nini dada hakwenda bandani.

Cha kufanya jioni

Kwanza, mzazi aitazame filamu peke yake kabla ya kumwita mtoto. Kumbukumbu hupunguza damu. Django ina tukio la mtu kukatwa sikio, na bodi ya filamu ya Uingereza ilikataa kuipa kibali hadi mwaka 1993. Filamu za Trinity zina makofi na vichekesho zaidi, na zinafaa zaidi kwa kuanzia, ingawa nazo zina bastola. Mtoto wa miaka sita asubiri.

Pili, mzazi asimpe mtoto simu na kuondoka. Simu isimamishwe mezani, au filamu iwekwe kwenye televisheni kama ipo, na mzazi awe mtafsiri. Asimamishe picha na kuuliza: ng'ombe wako wapi? Mbona aliyeonewa anapiga risasi badala ya kwenda kushtaki? Huyu anayeitwa adui, nyumbani kwake ni wapi? Hapo ndipo majina ya Nat Love na Bass Reeves huingia vizuri, kwa sababu mtoto anakuwa ameshatamani kujua. Dakika 20 kwa jioni moja zinatosha, na bando halitaisha.

Tatu, na hili ndilo gumu, zamu ibadilike. Jioni inayofuata mtoto achague katuni au video anayoipenda, naye awe mtafsiri. Aeleze steringi ni nani, adui ni nani, na kwa nini kila mtu darasani anaimba wimbo ule. Mzazi asisinzie wala asikejeli. Aulize kama alivyokuwa akiuliza bandani. Atajua mtoto anatazama nini bila kumpekua simu, na akikuta jambo lisilofaa, atalikuta wakiwa wawili, mtoto akiwa tayari anaongea.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu huo ulikuwa nyuma ya magunia ya banda la video, na ilibidi mtoto atoroke ili aufikie. Leo uko kiganjani mwake, kitandani, taa ikiwa imezimwa, na hakuna mkubwa benchi la pili wa kumjibu.

Mzazi hawezi kulirudisha banda, na si lazima alirudishe. Anachoweza ni kukaa pembeni ya kioo. Na siku mtoto atakapouliza kwa nini steringi hafi, amweleze kwamba ni kwa sababu aliyeandika hadithi aliamua hivyo, na kwamba wengi waliokufa katika hadithi ile walikuwa na majina, nyumba na watoto. Kisha amwache mtoto aulize swali linalofuata.